Nani Analipia Wito Wako?

Kama ulipitia chuo chochote hapa Kenya, hata kama hukumaliza, kuna barua moja utaipata tu. Siku hizi inakuja kwa WhatsApp. Juu kuna picha ya dada anayetabasamu akiwa na joho la kukodisha. Anakusalimu kwa jina la Yesu, anakueleza alivyookoka, alivyohudumu kwenye CU miaka minne, kwanza kwaya, kisha maombi, kisha kamati kuu. Halafu anafika kwenye jambo lenyewe: badala ya kutuma maombi ya kazi kila mahali kama wenzake, Mungu amemwita arudi kampasi ahudumie wanafunzi kwa mwaka mmoja, pengine zaidi. Mwishoni kuna bajeti. Kodi ya nyumba, nauli, chakula, bima. Chini ya bajeti kuna nambari ya M-Pesa na swali la upole: unaweza kutoa kiasi gani kila mwezi?

Mimi nimepokea tatu. Moja nilichangia, mbili nilizisoma nikanyamaza. Hakuna aliyenifuata kunidai.

Mtaani barua hizi hazina heshima sana. Utasikia watu wakisema, si atafute kazi kama sisi? Kwani kuomba nako ni kazi ya kulipwa? Ni maneno rahisi, na naona yanapiga kando. Swali gumu liko kwingine, na haliwahusu waliookoka pekee. Linamhusu yeyote aliyewahi kuhisi kwamba kuna kazi inayomwita na haina mshahara. Mtu akiitwa, nani analipa? Na je, huyo anayelipa aliulizwa?

Tuanze na utaratibu wenyewe, maana wengi huukejeli bila kuujua. FOCUS Kenya, shirika linalounganisha CU za vyuo vya humu nchini, lina mpango wa mwaka mmoja wa vijana waliomaliza chuo, unaoitwa STEM. Cru, iliyoanzia UCLA kule Marekani mwaka 1951, na ambayo wengi hapa wameijua kama Life Ministry, huwataka watumishi wake watafute wafadhili wao wenyewe. Ndivyo zinavyoendeshwa huduma nyingi za kampasi duniani. Hakuna sanduku kubwa mahali fulani linalomwaga mishahara. Kila mtumishi anajikusanyia watu wake, huyu mia tano, yule elfu moja, na hao ndio wanaomweka kazini.

Kuomba kwa namna hii hakukuanza jana. Wafuasi wa Francis wa Assisi walikuwa wakiomba chakula mlango kwa mlango katika karne ya 13. Kule Thailand, watawa wa Kibuddha hupita alfajiri na bakuli, na anayewapa chakula huona ni yeye aliyepata baraka. Mtume Paulo, kwenye barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, anatetea kwa nguvu haki ya mhubiri kulishwa na anaowahubiria, halafu papo hapo anasema yeye mwenyewe hakuitumia haki hiyo. Alipokuwa Korintho alishona mahema.

Na sisi je? Sisi ni nchi ambayo neno harambee limeandikwa kwenye nembo ya taifa. Tunachangiana karo, mazishi, harusi, bili ya hospitali. Mtu ambaye picha yake ya kujiunga na kidato cha kwanza ilizungushwa kanisani kwenye kikapu, leo anamcheka dada wa CU kwa kuomba mia tano? Hebu tuwe wakweli.

Tena ile barua ina uzuri mmoja ambao hausemwi: imeandikiwa mtu anayeweza kukataa. Mimi nilikataa mara mbili na sikupoteza usingizi. Anayeomba hivyo anakupa nafasi ya kupima kama jambo lake ni lako pia, na ukiona sio, mnabaki marafiki.

Shida yangu inaanza na mtu ambaye hakutumiwa barua.

Kuna dada ninayemjua, wa kwanza kuzaliwa kati ya watoto wanne. Mama yake ni mama mboga. Wadogo zake wawili wako shule ya upili. Alipopita mahojiano ya huduma alitangaza kwenye grupu ya WhatsApp ya familia: Mungu amefungua mlango, naanza mwezi wa tisa, naomba maombi yenu. Wajomba wakaweka mikono ya kupiga makofi. Mama yake akaandika neno moja. Amina.

Nimelifikiria sana neno hilo. Angeandika nini kingine? Yule mama alikuwa na hesabu kichwani kwa miaka minne. Huyu akimaliza, atamshika mkono anayemfuata. Hiyo ndiyo benki ya watu wengi nchini: mtoto wa kwanza ni akiba, na siku ya mahafali ndiyo siku ya kuivunja. Tena kuna HELB, ambayo haijali umeitwa au hujaitwa. Mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo inaanza kudai, riba asilimia 4, na ukikaa kimya faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Kwenye bajeti ya ile barua hapakuwa na mstari wa HELB. Hapakuwa na mstari wa nyumbani pia.

Kwa hiyo hesabu halisi ni hii. Wafadhili arobaini walimpa mia tano mia tano kwa hiari, na majina yao yako kwenye barua za shukrani za kila baada ya miezi mitatu. Mfadhili wa arobaini na moja alitoa kuliko wote, alitoa mshahara wote wa kwanza wa binti yake ambao hataukamata, na hakuulizwa. Aliarifiwa.

Wahubiri wanayo maandiko ya pande zote mbili. Ukitaka kwenda, utafungua Luka 9, pale Yesu anapomkatalia mtu aliyetaka kwanza akamzike baba yake. Ukitaka kubaki, utafungua Timotheo wa Kwanza, sura ya 5, inayomweka asiyetunza jamaa zake chini ya asiyeamini. Lakini andiko ambalo silisikii likihubiriwa kwenye mikutano ya CU ni Marko 7. Watu walikuwa wakitangaza kwamba mali fulani ni korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, na kwa kutangaza hivyo wakawa wamejivua jukumu la kuwasaidia baba na mama. Yesu aliwakemea wazi. Hakukataa sadaka. Alikataa sadaka itumike kama mlango wa kutokea.

Sasa, kabla hujanisoma kama wakili wa kina mama dhidi ya CU, nikuambie upande wangu mwingine. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokatika. Wiki zile za mwisho nilikuwa najifungia hosteli, sitaki kuonekana. Aliyenibishia mlango hakuwa mhadhiri wala mshauri wa wanafunzi. Alikuwa dada mtumishi wa kampasi, amebeba mkate na maziwa. Mimi si mtu wa kanisa, na alilijua hilo. Hakunihubiria. Aliuliza nimekula lini, akakaa mpaka nikala. Alirudi siku iliyofuata. Vyuo vyetu vina maelfu ya wanafunzi na washauri wa kuhesabu kwa vidole. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyepoteza pesa zote za muhula kwenye kamari, au aliyegundua ana mimba na anaogopa kupiga simu nyumbani, huenda mtu pekee mwenye muda ni huyo dada wa barua. Kazi hiyo ni ya kweli, na asipoifanya yeye, sijui ataifanya nani.

Lakini ule mkate ulilipiwa na mtu. Sehemu yake ililipiwa na wafadhili. Sehemu nyingine, nimekuja kuelewa baadaye, ililipiwa na mama fulani mahali ambaye mtoto wake alikuwa kampasi akinilisha mimi.

Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre, katika mhadhara alioutoa Paris mwaka 1945, alisimulia kisa cha mwanafunzi wake aliyefungwa kwenye fundo la namna hii. Kaka yake alikuwa ameuawa vitani. Yeye alitaka kwenda Uingereza kujiunga na Wafaransa waliokuwa wakipigana na Wajerumani, lakini mama yake alikuwa amebaki naye peke yake. Aende au abaki? Jibu la Sartre, kwa ufupi, ni kwamba kijana ni huru, achague mwenyewe. Kisa hiki kimefundishwa kila mahali kama mfano wa uzito wa uhuru. Kinachonishangaza mimi ni kitu kingine: katika simulizi lote, mama haulizwi. Yupo kama uzito kwenye mizani. Hana sauti.

Hapa kwetu ungetarajia tungefanya vizuri zaidi. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui na kasisi wa Kianglikana, aliandika kwenye kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika mtu hapatikani peke yake, anapata kuwa mtu kupitia jamii. Wazee hupenda kulitumia wazo hilo kumfunga kijana: wewe ni wetu, huendi popote. Naona linakata pande zote. Kama mimi ni mtu kwa sababu ya wengine, basi hata wito wangu ulipita kwa wengine. Kuna aliyelipa nikasoma, nikafika kampasi, nikasikia hiyo sauti. Na yule mwanafunzi aliyejifungia hosteli naye ni mmoja wetu. Mbiti hakupi jibu la kwenda au kubaki. Anakunyima tu ruhusa ya kuamua kama kwamba uko peke yako.

Hapo ndipo maneno "Mungu ameniita" yanapokuwa na hatari yake. Simaanishi ni uongo. Sina kipimo cha kujua nani ameitwa. Namaanisha kwamba yakitamkwa mbele ya mama anayeamini, mjadala umefungwa. Ukimwambia mama, "Nataka kufanya kazi hii mwaka mmoja, unaonaje?", anaweza kusema mwanangu, ngoja kidogo, mdogo wako amalize kidato cha nne. Ukimwambia Mungu ameshasema, akikataa anakuwa amempinga nani? Anabaki na Amina. Na sisi wengine tusijifanye tuko salama. Msanii anasema hii ndiyo nafsi yangu. Mwanaharakati anasema historia inanihitaji. Mwandishi kama mimi, ninayelipwa makala mbili kwa mwezi na kula kwa dada yangu, nami nina msamiati wangu wa kufunga mjadala. Kila wito una korbani yake.

Najua pingamizi, na ni zito. Mwanamke wa miaka ishirini na tatu si mtoto. Mkimwambia aombe ruhusa, mnamrudisha mahali ambapo maisha ya binti huamuliwa na ukoo, na mara nyingi binti ndiye anayebanwa kuliko kaka yake. Kaka akienda seminari, familia inachinja mbuzi. Dada akienda kuhudumu kampasi, anaulizwa ataolewa lini na nani atamtaka mtu asiye na mshahara. Hilo ni kweli, na linaudhi.

Lakini kuuliza si kuomba ruhusa. Zile barua arobaini hazikuwa za kuomba ruhusa. Zilikuwa za kusema: hiki ndicho ninachotaka kufanya, hii ndiyo gharama, hili ndilo fungu ninalokuomba ubebe, unaweza? Kama mtu baki anastahili heshima hiyo, iweje mama akose? Na akiulizwa hivyo, kwa bajeti iliyofunguliwa mezani, kuna mengi ya kusemwa kati ya ndiyo na hapana. Mwaka mmoja, si mitatu. HELB iingie kwenye bajeti. Nyumbani paingie pia, hata kama ni elfu mbili kwa mwezi, na wafadhili wajue kwamba wakimchangia mtumishi wanamchangia pia mdogo wake. Wapo watakaosema hiyo si kazi ya Injili. Basi warudi Marko 7.

Na mama akikataa kabisa? Huenda dada akaenda hata hivyo. Siwezi kumwambia ni dhambi. Mimi nilikula ule mkate. Ila ataenda akijua ni deni la nani amebeba, na mama atakuwa na kitu ambacho Amina haikumpa: haki ya kusema kwamba hili limemgharimu, na ya kulipigia simu mtoto wake mwezi ule karo ikikosekana, bila kuonekana anamdai Mungu.