Mgeni wa Miaka Mia

Mara ya kwanza niliingia Arboretum ya Nairobi mwezi wa Julai, baridi kali, ukungu haujainuka. Nikarudi Oktoba, mijakaranda imemwaga maua ya zambarau njiani. Nikarudi Aprili, tope tupu, na kima wananinyemelea ndizi yangu.

Bustani hii ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, maana reli ilikuwa na njaa ya kuni. Mkaratusi ulitoka Australia, mjakaranda Amerika Kusini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Miti hii imeshika jembe zaidi ya miaka mia, mbona bado twaiita migeni?

Swali lanichoma, ndugu msomaji. Nimezaliwa Nairobi hii hii, lakini kila nikijitambulisha naulizwa, “Sawa, lakini kwenu hasa ni wapi?” Kumbe kuzaliwa hakutoshi!

Hata hivyo nisijidanganye. Mkaratusi una kiu mbaya, hufyonza maji mpaka mimea jirani ikanyauka. Je, kukaa sana pekee kwampa mtu wenyeji?

Juzi mvua ilinikuta pale, nikajibanza chini ya mkaratusi. Majani membamba yale! Nililowa chepechepe.