Kura Zilizofutwa

Uchaguzi wa Desemba 2023 kule kwetu Kongo umetuachia swali. Januari 2024 Tume ya Uchaguzi, CENI, ilifuta kura za wagombea 82 kwa sababu ya udanganyifu, rushwa, vitisho na kushika mashine za kura bila ruhusa. Kati yao walikuwemo wabunge na mawaziri. Watunga sheria wenyewe! Tunasema walistahili. Lakini mama aliyepanga mstari tangu alfajiri, akachagua kwa moyo safi, kura yake nayo ilifutwa. Yeye alikosa nini? Tungeona haki zaidi kama mgombea angeshtakiwa na mama huyo akapiga kura tena.

Na kule Kasenga, Haut-Katanga, Novemba 2023, kijana wa chama cha Moïse Katumbi aliuawa katika fujo za kampeni. Hilo tume haiwezi kulifuta. Sasa vijana wetu hapa, ambao hata kura hawakupiga, wanatukanana bombani kwa ajili ya vyama gani?