Kujenga Penye Njia ya Maji

Ndugu zetu Waislamu, kujenga ni kheri. Lakini si kila penye uwanja mtupu pafaa kujengwa.

Itazameni Golbanti na vijiji vya kandokando ya Mto Tana, karibu na Garsen. Wapokomo hulima kwa maji ya mafuriko, na Waorma huleta ng'ombe wao kulisha huko wakati wa kiangazi. Mto ukifura hurudia njia zake za zamani. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilibomoa matuta ya mradi wa mpunga wa serikali katika delta hiyo. Na mwaka 2018 maelfu ya watu walizihama nyumba zao. Basi mtu akijaza udongo akainua kiwanja chake, maji hayapotei: humwendea jirani.

Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na amefundisha kuwa maji na malisho watu wana ushirika nayo. Sheria ya nchi ya 1999 nayo yataka madhara ya mradi yapimwe kwanza, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamuru wenyeji washirikishwe katika mpango wa ardhi ya delta. Wako waionao karatasi hiyo kuwa ni usumbufu tu. Sisi twaiona ni haki ya jirani, awe Muislamu au Mkristo.

Hata ukiwa ni msikiti tunaoujenga, na waliotoa wametoa kwa ikhlasi, na waulizwe kwanza wazee wa mtoni maji hupita wapi, kabla msingi haujachimbwa.