Je, Moshi Hulipwa kwa Ahadi?

Katika kisiwa cha Iceland umo mtambo uitwao Orca, uliofunguliwa mwaka 2021, ambao kazi yake ni kuiondoa angani hewa ya ukaa, ile itokayo katika moshi wa magari na viwanda na kuizidishia dunia joto. Feni kubwa huvuta hewa na kuipitisha katika vichujio vyenye dawa ishikayo ukaa. Vichujio vikijaa hutiwa joto, navyo huuachilia. Kisha ukaa huchanganywa na maji na kusukumwa chini katika mawe ya volkano, na baada ya miaka michache hugeuka jiwe.

Kazi hii ni nzito. Katika sehemu 10,000 za hewa, ukaa ni sehemu 4 na kidogo tu. Ni kama kuokota punje 4 za mtama katika punje 10,000 za mchele. Orca ulikusudiwa kutoa tani 4,000 kwa mwaka, na dunia huchoma makaa, mafuta na gesi hata kutoa tani bilioni 37 hivi.

Siwacheki mafundi, kitu kinachojaribiwa kina haki ya kushindwa. Swali langu ni juu ya biashara. Kampuni ya Climeworks, yenye mtambo huo, huuza tani kabla hazijatolewa, kwa watu watakao kufuta moshi wao. Mwaka 2025 gazeti la Heimildin la huko lilitangaza kwamba kilichotolewa ni kidogo sana kuliko kilichokusudiwa.

Basi mnunuzi aweza kusema moshi wake umekwisha? Sisi wakulima twamjua auzaye mahindi yangali shambani. Mvua ikikosa, mnunuzi hulia, na muuzaji huona haya. Lakini hapa mmoja amepata fedha, wa pili amepata sifa, na joto humwangukia mtu wa tatu ambaye hakuwapo sokoni.

Wengine hujibu kwamba fedha isipotangulia mtambo haujengwi. Ni kweli, nami nakubali. Ila fedha hiyo ni msaada wa kujengea, si malipo ya deni. Aliyeitoa na aiandike hivyo katika daftari yake, asifute hata ratili moja ya moshi mpaka ukaa umepimwa ukiwa chini ya mwamba.

Nasi hatuko mbali na habari hii. Huko Nairobi kampuni ya Octavia Carbon ilianza mwaka 2022 kutengeneza mitambo ya namna hiyo, kwa kutazamia joto la ardhi la Bonde la Ufa. Wanunuzi wakija, nani atashika mizani?