Nywele za Daima

Msomaji, tuseme wewe ni msichana wa Korbesa, kandokando ya mto Ewaso Nyiro katika Isiolo, nawe wataka kunyoosha nywele kwa dawa isemwayo kuwa ni ya daima. Jiulize kwanza: daima ya nini? Baadhi ya dawa hizo zina sodiamu haidroksaidi, ile itumiwayo kutengenezea sabuni. Huvunja vifungo vya ndani ya unywele, na uliovunjwa haujikunji tena. Lakini mzizi haujapata habari. Kila mwezi huotesha kadiri ya sentimita moja ya nywele zile zile ulizozaliwa nazo. Basi hukuchagua mara moja. Umejifunga kuchagua tena kila baada ya majuma machache, na kila mara kichwa hutaka kusuuzwa kwa maji mengi, kisije kikaungua. Katika nchi kame maji hayo yana aliyeyabeba, na huenda ni mama yako.

Sikuambii ukatae. Nywele ni zako, na kutaka kupendeza si dhambi. (Asemaye haya ana upara, hana la kujivunia.) Lakini wasichana wengi wa huko hujitanda mtandio, ni jicho la nani, basi, ulitakalo liridhike? Kama ni lako mwenyewe, shauri ni lako. Kama ni la mwenzako aliyekucheka darasani, je, yeye atakuwapo siku ya kuchota maji?