TIA MKONO NDANI YA LUNDO: AMANA YA MAJENGO YA SHULE



Ndugu Muislamu, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo, leo tunauliza swali moja: je, ni dhana mbaya kumkagua mtu aliyepewa kazi ya kujenga shule?

Wengi wetu hapa Lubumbashi tunaona haya. Mwenye shantie ni mtu mkubwa, direkta amesoma kutushinda. Ukiuliza ni mifuko mingapi ya simenti iliyotumika, unaambiwa una roho mbaya. Na ni kweli, katika Sura Al-Hujuraat tumekatazwa dhana mbaya na kupelelezana. Basi tunanyamaza, tukidhani kimya chetu ni uchaji Mungu.

Lakini soma pia Sura Al-Baqara, aya ya 282. Humo tumeamrishwa kuandika deni na kuweka mashahidi. Amri hiyo hawakupewa wezi, walipewa walioamini. Kwa hiyo kuandika na kushuhudia si kumtuhumu ndugu yako. Kunamlinda yeye na maneno ya watu, na kunamlinda mwenye haki na hasara. Kupeleleza kulikokatazwa ni kutafuta aibu za mtu zilizofichika. Ukuta wa shule ya serikali si siri ya mtu. Ni mali ya watoto wote.

Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula kinachouzwa. Hakutosheka na kutazama. Aliingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu kile kilicholowa ili watu wakione, kisha akaonya kwamba mdanganyifu si mwenzake.

Jengo la shule ni kama lundo lile. Rangi na mabati mapya yako juu, habari yenyewe iko ndani. Nondo ya milimita 10 ina chuma pungufu kwa karibu asilimia 30 kuliko ya milimita 12, na ikishafunikwa na beto hakuna jicho linaloona tofauti. Beto isiyomwagiwa maji siku za kwanza hukauka upesi na kupasuka. Basi kufuatilia ni wakati msingi ungali wazi, siyo siku ya kukata utepe. Na kazi ikiisha, kuna kupima mara ya pili: mvua ikinyesha, darasa linavuja? Wasichana wana choo chao? Watoto wanasomea humo kweli?

Anayeandika haya naye ana deni. Miaka iliyopita nilikuwa katika komite ya wazazi ya shule moja. Tuliitwa kupokea madarasa mawili. Tukanywa sukre, tukatia sahihi, na hakuna aliyepanda ngazi kutazama mbao za paa. Msimu wa pili wa mvua, upepo ukalibeba paa usiku. Alhamdulillah, watoto walikuwa nyumbani. Ingekuwa saa nne asubuhi je? Sikuiba hata msumari mmoja, lakini sahihi yangu ilishuhudia kitu nisichokiona. Na ushahidi wa uongo ni katika madhambi makubwa.

Wengine hawakupata nafasi hiyo ya kujuta mapema. Tarehe 23 Septemba 2019, huko Nairobi, jengo la shule ya Precious Talent lilianguka asubuhi na kuua watoto wasiopungua 7.

Usiseme jambo hili liko mbali. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya bure, na madarasa yamejaa. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza asilimia 15 ya redevansi ya madini iende kwa komini, sekta na usultani, kwa majenzi ya faida ya wananchi. Fedha hiyo ni ya mtoto wako. Basi fanya haya, kwa adabu:

1. Omba kuona plani, bei na muda wa kazi.
2. Nenda na fundi anayejua. Pimeni vyuma kabla ya beto kumwagwa.
3. Usitie sahihi kwa usichokiona. Andika kasoro, na andika pia kilicho kizuri, maana mjenzi mwaminifu naye ana haki yake.

Na wewe fundi unayeswali pamoja nasi, usichukie ukikaguliwa. Anayekuhesabu leo anakupunguzia hesabu ya kesho.

Ee Mwenyezi Mungu, tufanye watu wa amana, na uwahifadhi watoto wetu chini ya kila paa. Amin.

Wassalaam alaykum.

(Karatasi hii ina majina matukufu. Tafadhali usiitupe ovyo. Ukiisha kusoma, mpe mwenzako.)