Zamu ya Maji

Na tusome tena Matendo ya Mitume, sura ya 6, tangu mstari wa 1 hata wa 6. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa, lenye upendo mwingi. Hata hivyo, chakula cha kila siku kilipogawanywa, wajane wa Wayahudi wasemao Kiyunani walisahauliwa. Hatusomi kwamba mtu alikusudia kuwadhulumu. Lakini mjane aliyesahauliwa hulala na njaa ile ile.

Jambo hili twalijua sisi wa Majengo. Zamani za wakoloni miji iligawanywa: Wazungu mahali pao, Wahindi pao, Waafrika pao, na jina la Majengo lasikika Moshi, Mombasa, hata Nairobi. Barabara nzuri, mabomba na taa vilianzia kwa wakubwa. Utawala ule ulikoma mwaka 1961, lakini bomba lililofukiwa ardhini halikuhama. (Na mgeni hushangaa kwamba mtaa wetu wenye miti mikubwa na nyumba za fahari ndio uitwao Shanty Town, yaani mtaa wa vibanda!)

Wazee wetu wa mlimani hawakugawa hivyo maji ya mfongo. Mfereji hutoka juu mtoni, naye mwenye shamba la juu huyaona maji kwanza. Angeweza kuyamaliza. Lakini zamu yake ikiisha huziba, maji yashuke kwa wa chini. Maana wote walichimba, na wote huitwa kuusafisha. Asiyekuja hutozwa faini, hata awe nani.

Tena tazameni Mitume. Hawakuwakemea walionung'unika. Waliagiza wachaguliwe watu saba, nao wote saba wana majina ya Kiyunani. Yaonekana waliosahauliwa walipewa kugawa.

Nasi twaungama kosa letu. Barabara ipitayo mbele ya kanisa ilipotengenezwa, tulimshukuru Mungu ibadani kwa nyimbo. Hatukuuliza habari za uchochoro ulio nyuma, ambako wakati wa masika bibi mmoja wa usharika hubebwa mgongoni na mjukuu wake, avuke matope aje kusali. Hakunung'unika kamwe, nasi tuliuhesabu ukimya wake kuwa ni kuridhika.

Basi, wazee wa kanisa na wainjilisti, mkutano wa mtaa utakapoitwa, msiende peke yenu. Piteni kwanza uchochoroni, mwende pamoja na watu wa huko; nao wapewe kusema kabla yenu.